Chui wa Matawini: Historia ya Okidi Zenye Sura za Viumbe katika Nchi ya Rudewa na Kwingineko

Kata ya Rudewa, katika wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, iko mahali ambapo mito inayoshuka kutoka milima ya Ukaguru hupunguza kasi na kuingia katika tambarare ya Mkata, na kwa sababu hiyo nchi inayoizunguka ina tabia mbili zinazotofautiana sana: magharibi kuna safu za milima yenye misitu mibichi inayofunikwa na ukungu, na mashariki kuna mbuga, vichaka na miombo inayoenea hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Milima ya Ukaguru na Rubeho, pamoja na kilima cha Malundwe kilicho ndani ya hifadhi hiyo, huhesabiwa na wataalamu katika Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na ambao unajulikana kwa wingi wa viumbe wasiopatikana kwingineko. Nchi ya juu na nchi ya chini kila moja ina okidi zake, na katika pande zote mbili zimo zile ambazo watu, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, wameona ndani yake chui, nyoka, buibui au pembe za kondoo dume.

Okidi ni mojawapo ya jamii kubwa kuliko zote za mimea inayotoa maua, kwa kuwa spishi zake zinazojulikana hukaribia 28,000. Ua lake lina sehemu tatu za nje ziitwazo sepali na tatu za ndani ziitwazo petali, lakini petali moja kati ya hizo tatu haifanani na zile nyingine: imepanuka, imekunjwa, imetiwa rangi au manyoya, na wataalamu huiita mdomo. Juu ya mdomo huo kuna mhimili mfupi uliounganisha viungo vya kiume na vya kike, na chavua yake, badala ya kuwa vumbi linalopeperuka, imefungwa katika vifurushi vidogo vyenye gundi ambavyo humnata mdudu na kusafirishwa kwa pamoja hadi ua jingine. Mpangilio huu wa kichwa juu, mdomo chini na mabawa pembeni ndio unaolifanya jicho la binadamu, ambalo tangu hapo lina mazoea ya kutafuta uso katika kila kitu, lione kiumbe mahali ambapo mmea haukukusudia kuonyesha kiumbe chochote.

Okidi maarufu kuliko zote katika nchi ya chini ni ile iliyopewa jina la chui na watunza bustani wa Ulaya, na ambayo kitaalamu huitwa Ansellia africana. Huota juu ya miti mikubwa ya nyanda za joto na ya kandokando ya mito, na maua yake ya manjano yenye madoa ya hudhurungi hutoka kwa wingi mwishoni mwa mashina marefu na manene ambayo huhifadhi maji ya kupitisha kiangazi. Mizizi yake ni ya aina mbili, kwani mingine hushika gome la mti, na mingine, myembamba na iliyochongoka, husimama wima kuelekea juu kama miiba ya nungunungu, ikinasa majani makavu yanayoanguka ambayo huoza na kuwa chakula chake. Okidi hii haimnyonyi mwenyeji wake, ingawa mara nyingi hudhaniwa kuwa kimelea. Mti huipa mahali pa kukaa tu, karibu na mwanga.

Historia ya jina lake haikuanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilipeleka meli kwenye mto Niger kwa nia ya kukomesha biashara ya utumwa na kufungua biashara ya mazao, na msafara huo ukavunjwa na homa iliyoua watu wengi, akiwemo mtaalamu wake wa mimea Theodor Vogel. Mtunza bustani wa msafara, John Ansell, alinusurika, na katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko, aliikuta okidi hiyo ikiwa imeota juu ya mchikichi. John Lindley wa London aliieleza kitaalamu mwaka 1844 na kuitia jina la Ansell. Kwa hiyo mmea ambao wakazi wa nchi za joto za Afrika walikuwa wakiuona juu ya vichwa vyao tangu zamani uliingia katika vitabu kwa jina la mtunza bustani aliyeukuta kisiwani, katika safari iliyokusudiwa jambo jingine kabisa.

Miaka kumi na sita baada ya msafara wa Niger, barabara ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na Unyanyembe ilianza kuwaleta wasafiri wa Ulaya karibu na Rudewa. Richard Burton na John Speke walipita Usagara mwaka 1857, wakafuata bonde la mto Mkondoa na kupanda njia ya Rubeho. Speke alirudi mwaka 1860 akiwa na James Grant. Na Henry Stanley aliuvuka uwanda wa Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871, ambapo matope na maji vilimchosha kiasi kwamba kurasa zake kuhusu sehemu hiyo zimejaa malalamiko kuliko maelezo ya mimea. Jambo hilo halishangazi. Msafiri mwenye homa, anayegombana na wapagazi na kuhesabu mizigo ya nguo na ushanga, hutazama chini anapokanyaga, ilhali okidi za nchi hiyo ziko juu ya matawi.

Grant alikuwa tofauti kidogo na wenzake. Alikusanya mimea kwa subira, akaikausha na kuipeleka katika bustani ya Kew karibu na London, na taarifa ya mimea hiyo ilichapishwa katika jarida la Linnean Society katika miaka ya 1870. Katika taarifa hiyo John Gilbert Baker aliona kwamba okidi ya chui ya upande huu wa bara ilitofautiana na ile ya Fernando Po, akaipa jina la nyongeza la nilotica, kwa ajili ya mto Nile, na mwaka 1886 N. E. Brown akaipandisha kuwa spishi inayojitegemea. Siku hizi wataalamu wameirudisha chini ya jina lile la kwanza la mwaka 1844, kwa kuwa wingi wa madoa, upana wa mdomo na rangi ya ua hubadilika mno kutoka mti mmoja hadi mwingine. Chui hana madoa mawili yanayolingana, na wapanga majina wangeweza kulitazama hilo mapema zaidi.

Utawala wa Wajerumani ulibadilisha namna ya kukusanya. Mwaka 1902 serikali ya koloni ilianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani katika milima ya Usambara, na kutoka hapo, pamoja na vituo vya misheni na vya kijeshi, mimea iliyokaushwa ilipelekwa Berlin kwa wingi usiokuwa na mfano. Fritz Kraenzlin na Rudolf Schlechter ndio walioeleza sehemu kubwa ya okidi hizo. Mkusanyaji hodari kuliko wote alikuwa Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravia aliyeishi Kyimbila katika nchi ya Wanyakyusa, ambaye okidi zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba Schlechter alizifanyia kazi maalumu mwaka 1915, na jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ikaitwa Stolzia. Jina lake limo pia katika Microcoelia stolzii, mojawapo ya okidi za ajabu zaidi za Afrika Mashariki: haina majani kabisa. Kinachoonekana juu ya tawi ni rundo la mizizi ya kijivu inayotoka katika kitovu kimoja na kutawanyika pande zote, na mtu asiyejua hudhani ni buibui mkubwa aliyekufa mpaka maua madogo meupe yanapochipua katikati. Mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani, kwani hugeuka kijani inapolowa mvua na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Kazi yote ya Berlin ilipata pigo usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu ya vita yalipounguza hebaria ya Dahlem, yaani ghala la mimea iliyokaushwa ambalo ndilo lililotunza vielelezo vya asili, na okidi za Schlechter zikateketea pamoja na jengo. Kielelezo cha asili ni mmea uleule ambao mtaalamu aliutumia kutoa jina, na pasipo huo haiwezekani kujua kwa uhakika jina linahusu mmea upi. Ndiyo maana V. S. Summerhayes wa Kew, aliyezitafiti okidi za Afrika kwa maisha yake yote ya kazi, alilazimika kutegemea nakala zilizobaki katika hebaria nyingine, michoro na maelezo ya Kilatini, na sehemu ya kwanza ya okidi katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1968. Phillip Cribb alimalizia sehemu mbili zilizobaki mwaka 1984 na 1989. Mradi wa kitabu chenyewe, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952, ulikamilika mwaka 2012 ukiwa umeeleza mimea zaidi ya 12,000 ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Wakati majina yakikusanywa, swali lingine lilikuwa likiulizwa: ikiwa ua linafanana na kiumbe, linafanana kwa faida ya nani? Charles Darwin alilikaribia swali hilo mwaka 1862, baada ya kupelekewa okidi ya Bukini, yaani Madagaska, iitwayo Angraecum sesquipedale, ambayo ua lake jeupe lenye umbo la nyota lina mrija wa takriban sentimita 29, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, imo kwenye ncha tu ya mrija huo. Darwin alitabiri kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo, na baadhi ya watu walimcheka. Mwaka 1867 Alfred Wallace alimtetea kwa ushahidi uliotoka bara la Afrika, kwani alikuwa amempima katika jumba la makumbusho la London nondo wa Afrika ya joto aitwaye wakati huo Macrosila morganii, akaona ulimi wake una urefu wa takriban sentimita 19; iwapo bara lilikuwa na nondo wa namna hiyo, hapakuwa na sababu ya Bukini kukosa mwenye ulimi mrefu zaidi. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walimtangaza nondo wa Bukini na kumwita praedicta, yaani aliyetabiriwa.

Jibu la kushangaza zaidi lilitoka Algeria, ambako hakimu Mfaransa aitwaye Maurice-Alexandre Pouyanne alizitazama kwa miaka mingi okidi za jenasi ya Ophrys, ambazo maua yake hufanana na nyuki na nyigu. Mwaka 1916, akishirikiana na Henry Correvon, alitangaza kwamba wadudu waliozizuru walikuwa madume peke yao, na kwamba hawakuja kutafuta chakula: walilipanda ua wakidhani ni jike. Edith Coleman aliona jambo kama hilo Australia mwaka 1927, na baadaye sana, mwaka 1994, likathibitishwa katika okidi za jenasi ya Disa za Afrika Kusini. Uchunguzi wa kikemia uliochapishwa mwaka 1999 na Florian Schiestl na wenzake ulionyesha kwamba harufu ya ua la Ophrys ina viambato vilevile vilivyomo katika harufu ya nyuki jike. Umbo na manyoya vina kazi yake mdudu anapofika karibu, lakini mwito wa kwanza ni wa puani.

Kwa mizani hiyo, okidi nyingi zinazosifiwa kwa kufanana na wanyama huanguka. Okidi ya Ekuador iliyopewa na Carlyle Luer mwaka 1978 jina la Dracula simia, yaani yenye sura ya nyani, humwonyesha kila mtu uso wa nyani, ila wachavushaji wake ni nzi wadogo wanaovutwa na mdomo wenye umbo na harufu ya uyoga. Nyani hana habari. Ndivyo ilivyo kwa chui wa Rudewa, ambaye madoa yake hayamtishi wala kumwalika mnyama yeyote mwenye miguu minne. Ndivyo ilivyo pia kwa Bulbophyllum sandersonii, inayopatikana Tanzania na nchi nyingine za Afrika ya joto, ambayo maua yake madogo yamepangwa mistari miwili juu ya bua bapa lililopinda, na ndugu zake wa Afrika Magharibi na Kongo wameitwa na wafanyabiashara wa maua kwa jina la swila. Mdomo wa kila ua umeshikwa kwa kibawaba chepesi hata upepo mdogo huutikisa, na mtikisiko huo huwavuta nzi, ambao mdomo huwarusha dhidi ya chavua wanapotua. Katika nyasi za milimani kuna Satyrium, ambazo nyuma ya ua zina mirija miwili iliyoinama pamoja kama pembe, na hizo pembe ni visima vya mbochi.

Uhusiano wa kweli kati ya okidi za Afrika Mashariki na wanyama ni wa usiku, na ulielezwa vizuri mwaka 2007 na Dino Martins wa Kenya pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini. Walichunguza okidi nyeupe zenye mirija mirefu, zikiwemo za jenasi ya Aerangis na ile Rangaeris amaniensis yenye jina la Amani, wakaona kwamba huchavushwa na nondo wakubwa warukao kwa kasi na kuning'inia hewani mbele ya ua, na kwamba urefu wa mirija hulingana na urefu wa ndimi za nondo hao. Waligundua pia kwamba mbochi ya karibu na mdomo wa mrija ni nyepesi, na utamu huongezeka kadiri inavyokaribia ncha, kwa hiyo nondo anayeonja huendelea kusukuma ulimi mpaka uso wake unapogusa vifurushi vya chavua. Miongoni mwa nondo hao yumo Agrius convolvuli, ambaye mkulima wa Rudewa anamfahamu kwa sura nyingine bila kujua undugu huo, kwa kuwa kiwavi wake ndiye yule mkubwa mwenye pembe mkiani anayekula majani ya viazi vitamu. Hapo ndipo okidi ya mlimani na bustani ya mtu zinapokutana, na hakuna sura ya mnyama inayohusika katika makutano hayo zaidi ya weupe unaoonekana gizani na harufu inayotoka jua likishazama.

Binadamu naye ameendelea kuona katika okidi kile anachokihitaji. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, okidi za ardhini za jenasi za Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis huchimbwa kwa ajili ya viazi vyake, ambavyo husafirishwa hadi Zambia. Huko hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, na kupikwa mpaka vigande na kukatwa vipande kama soseji nene; chakula hicho huitwa chikanda, na walaji wengi hukisifu kwa kuwa kinafanana na nyama. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walipoichunguza biashara hiyo, katika taarifa iliyotoka mwaka 2003, walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka mpaka kila mwaka, na kwamba spishi zilizoguswa zingeweza kufikia 85. Madhara yanatokana na maumbile ya mmea wenyewe: okidi hizi huwa na kiazi cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu na kipya kinachoweka akiba ya mwaka ujao, na mchimbaji hutaka kile kipya kilicho kigumu, kwa hiyo mmea haubaki na kitu cha kuchipulia.

Serikali ilijibu mwaka 2005 kwa kuitangaza Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, kuwa hifadhi ya taifa, na ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika ya joto kwa hifadhi ya namna hiyo kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua yake. Tanzania ilikuwa tayari mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1979, na mkataba huo huziweka okidi zote chini ya udhibiti wa biashara ya kuvuka mipaka. Sheria hizo humgusa mfanyabiashara wa chikanda na mwizi wa mimea ya bustani. Hazimgusi mtu anayekata mti kwa sababu nyingine, na katika wilaya ya Kilosa hatari kubwa kwa okidi imetoka siku zote upande huo.

Mkonge ulikuwa wa kwanza. Zao hilo, ambalo Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893, lilienea katika mabonde ya Kilosa likiwemo la Rudewa, likisaidiwa na Reli ya Kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea magharibi, na mashamba yake yalitaka ardhi iliyosafishwa kabisa, pasipo mti mkubwa wa kubeba okidi. Baadaye ukaja mkaa wa kulisha majiko ya Dar es Salaam na Morogoro. Okidi ya juu ya mti haiwezi kuhama mti unapoangushwa, wala haioteshwi upya kwa urahisi, kwani mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Noël Bernard wa Ufaransa alionyesha mwaka 1899 kwamba haziwezi kuota mpaka zipate kuvu maalumu wa kuzilisha.

Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, vimejaribu utaratibu wa kuvuna miti ya mkaa ambao msitu wa kijiji hugawanywa katika viwanja vya mraba vya mita 50 kwa 50, vinavyokatwa kwa kupishana mithili ya vyumba vya ubao wa dama, na kiwanja kilichokatwa huachwa kichipue kutoka visiki kwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya mkaa, udongo na mapato ya kijiji, na okidi haikutajwa katika hesabu zake. Hata hivyo kiwanja kisichokatwa hubaki na miti mizee yenye matawi mapana, ambayo ndiyo Ansellia huipenda, na umbali wa mita 50 ni mfupi sana kwa mbegu inayobebwa na upepo. Tatizo liko kwenye miaka 24, ambayo inatosha kumpatia mchoma mkaa mti wa kukata, lakini huenda isitoshe kulipatia tawi gome nene, kuvu na kivuli ambavyo okidi ya chui huvihitaji ili ikue na kutoa maua.